Vuta Pumzi, Zuia

Mama aliubonyeza mpira kabla meza haijamaliza kuingia. Ni mpira mdogo wa raba, umeunganishwa na mrija, na kila anayeingia kwenye mashine ya MRI hupewa aushike: ukizidiwa, bonyeza, kengele italia, tutakutoa. Kengele ililia. Kwenye chumba cha kuongozea mashine, upande wa pili wa kioo, mtu wa mashine, aliyeitwa Sumaku kwa utani, aliondoa vidole kwenye kibodi na kumgeukia mwenzake.

"Mara ya pili hii," alisema. "Na leo hata kupiga picha sijaanza."

Mwenzake alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. Alikuwa binti wa mgonjwa, na pia alikuwa mpiga picha wa eksirei katika hospitali hiyohiyo, kwenye chumba kilicho mwisho wa korido. Wagonjwa walimwita daktari. Kila mara aliwasahihisha, nao wakamwita daktari tena. Mashine ile aliijua. Alijua kwamba haina mionzi, kwamba ina hewa ya kutosha na taa ndani, kwamba tundu lake liko wazi pande zote mbili. Yote hayo alikuwa ameshamweleza Mama kwa ufasaha, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Walipoingia alipo Mama, Sumaku alikitoa kile kizimba cha plastiki kinachofunika uso, na Mama akaketi ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia.

"Mmenizika nikiwa hai," alisema. "Mwanangu, hivi kazi yako ndiyo hii, kuzika watu?"

"Mama, hiyo ni sumaku tu."

"Sumaku ni huyu hapa," Mama alisema, akimnyooshea mtu wa mashine kidole cha mkono wa kushoto. "Huyu ananiamkia vizuri, wala hanifungi kichwa."

Sumaku alicheka. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake kwa sababu alikuwa amekaa na mashine ile muda mrefu kuliko mtu yeyote, na walidai kwamba funguo zao hupotelea mfukoni mwake.

Mama alitumia mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa unakufa. Alikuwa fundi wa nguo, na mkasi ulikuwa umeanza kumponyoka. Kwanza vidole viwili vilikufa ganzi, kisha vitatu, kisha akamkata mteja kola ya upande mmoja pana kuliko ya upande wa pili, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu aanze kazi. Daktari wa upasuaji alikuwa amesema kitu kinabana mshipa wa fahamu shingoni. Alikuwa tayari kukiondoa, lakini hakuwa tayari kuifungua shingo bila picha. Akaongeza kwamba mshipa ukibanwa kwa muda mrefu, hata ukiachiwa, nguvu huenda zisirudi. Kumlaza Mama kwa dawa ya usingizi hakukuwezekana. Mtaalamu wa usingizi alikisikiliza kifua chake na kukataa. Kwa hiyo picha ilibidi ipigwe akiwa macho, ametulia kama gogo, kizimba kikiwa usoni.

"Alhamisi ijayo nina nafasi," Sumaku alisema. "Ikishindikana tena, mama yetu, sina la kufanya. Foleni ni ndefu na wote wanaumwa."

Binti alimshika Mama mkono wa kulia kumsaidia kushuka. Ulikuwa mwepesi na baridi, kama glavu.

*

Kwenye ngazi za hospitali ndugu yake mdogo alikuwa anazunguka akiwasubiri, akipanda ngazi mbili, akishuka moja. Yeye ndiye kitinda mimba. Alitengeneza programu za simu katika ofisi iliyo juu ya duka la vipuri, na kwa muda wa mwaka mzima alikuwa amebeba programu moja tu kichwani. Ilianza siku alipokimbizwa hospitali akiamini moyo wake unasimama. Walimpima kila kitu. Moyo ulikuwa mzima. Kilichomshika ni wasiwasi. Alirudi nyumbani na cheti cha moyo mzima na hofu ileile, na akaamua kwamba kama hospitali haina dawa ya kumpa mkononi, atajitengenezea ya kuweka mfukoni.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Unaifungua, inakuuliza hali yako, kisha duara linatokea kwenye kioo. Duara linapanuka, unavuta pumzi, linasinyaa, unatoa. Na kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu mara nyingi hufumba macho, kulikuwa na sauti ya kumwongoza. Sauti hiyo ilikuwa ya dada yake.

"Kwa nini mimi?" alikuwa amemuuliza wakati ule.

"Kwa sababu unawaambia watu wapumue kutwa nzima, na wanakutii."

Walirekodi ndani ya kabati lake la nguo, kati ya makoti, kwa sababu makoti humeza mwangwi. Dada alisimama wima kama yuko kazini na kumaliza yote kwa mkupuo mmoja. Hakuona sababu ya kurudia.

Sasa, kwenye ngazi, ndugu yake alisikiliza habari za kengele na kuitoa simu mfukoni.

"Mama, utaifanyia mazoezi hii mpaka Alhamisi. Asubuhi na jioni. Imewasaidia watu."

"Wangapi?" dada yake aliuliza.

Alikuna kidevu. "Wengi wanaianza. Tatizo ni kumaliza. Kuna mahali wanaifunga, karibu wote palepale. Nadhani ni rangi ya duara. Nilibadilisha bluu nikaweka kijani."

"Ikawaje?"

"Wakaifunga wakiwa kwenye kijani."

"Nipe hiyo simu," Mama alisema. "Mnabishana rangi kama wateja wangu."

*

Siku mbili baadaye binti alitoka kazini na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, pasi, sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa, meza kubwa ya kukatia vitambaa. Mama hakuonekana. Sauti pekee ilikuwa ya binti mwenyewe, ikitoka mahali fulani karibu na sakafu, tulivu na safi: "Vuta pumzi."

Aliinama. Mama alikuwa amelala chali chini ya meza, amejifunika uso kwa kikapu cha plastiki cha nguo chafu, simu ikiwa juu ya kifua. Alikuwa amejitengenezea mashine ya MRI, na kwa macho ya mtaalamu haikuwa mbaya.

"Zuia," simu ilisema.

Binti alisubiri. Alitazama vidole vya miguu ya Mama vikikunjwa na kukunjuliwa. Akaenda kuhakikisha kwamba pasi imezimwa. Ilikuwa imezimwa. Akafungua dirisha, akalifunga, akarudi. Vidole vya miguu sasa vilikuwa vinakwaruza sakafu. Ghafla kikapu kikarushwa na Mama akajitokeza akihema, uso umemwiva.

"Mtaniua nyinyi!"

"Mama, mbona umezuia pumzi muda wote huo?"

"Si umesema nizuie?"

"Nikasema pumua."

"Hukusema."

"Mama, nilirekodi mwenyewe. Vuta pumzi, zuia, pumua."

"Na mimi nimelala hapa chini tangu juzi nikisubiri hiyo pumua yako. Nikadhani ndiyo tiba yenyewe, unazuia mpaka wasiwasi unachoka kabla yako."

Binti aliichukua simu na kuliweka zoezi mwanzo. Alifumba macho na kufanya kama anavyoambiwa. Vuta pumzi. Zuia. Kisha kimya. Si kimya kabisa, palikuwa na mlio mwembamba wa kinanda ambao ndugu yake aliuweka kupendezesha. Kifua kilianza kumbana. Mapigo ya moyo yakamfika masikioni. Akangoja kuruhusiwa, na alishangaa kugundua kwamba alikuwa anangoja kweli, yeye mwenye sauti. Baada ya kitambo sauti yake ikarudi, changamfu, kana kwamba hakuna kilichotokea: "Vuta pumzi."

Akampigia ndugu yake simu. "Njoo na kompyuta. Njoo sasa hivi."

Alikuja jasho likimtoka na kuiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mabaki ya kitambaa. Akatafuta rekodi ya kwanza, ile ambayo haijaguswa, na kuipandisha sauti mpaka mwisho. Vuta pumzi. Zuia. Halafu, kwa mbali, kama mtu anayeongea kutoka chumba kingine: pumua.

Akaweka ile iliyosafishwa. Vuta pumzi. Zuia. Hakuna kitu.

"Programu ya kuondoa kelele imeifuta," alisema taratibu. "Imedhani ni kelele za nyuma."

"Mimi ni kelele?"

"Dada, ulikuwa mbali. Sikiliza, hata hukuwa umeelekea kwenye maikrofoni. Uligeuka. Kila mara. Ulikuwa unageukia wapi, ndani ya kabati?"

Alifungua mdomo kumwambia kwamba hakugeuka popote, kisha akajiona. Kazini, mgonjwa husimama kifua kikiwa kwenye ubao. Yeye humwambia avute pumzi, humwambia azuie, na papo hapo hugeuka na kwenda nyuma ya kioo kizito kilipo kitufe, maana mionzi ni ya mgonjwa, si yake. Hubonyeza. Neno la tatu hulisema akiwa tayari anatazama picha kwenye kompyuta, amempa mgonjwa mgongo, naye huwa ameshapumua zamani kwa akili yake mwenyewe. Kati ya makoti hapakuwa na kioo wala kitufe. Lakini mwili haukuulizwa, uligeuka tu.

"Kwa hiyo hao watu wote," Mama alisema kutoka sakafuni, "wenye roho zao juu, umewaambia wazuie pumzi, ukaondoka."

Ndugu yake alikuwa amefungua mchoro unaoonyesha watumiaji wanaifunga programu wapi. Mstari ulitembea vizuri, ukafika mahali, ukaanguka kama umesukumwa. Aliweka kidole pale.

"Si rangi," alisema.

*

Walirekodi upya palepale, dirisha likiwa limefungwa na sanamu ikiwa imevalishwa mablanketi yote ya nyumba ili kupunguza mwangwi. Binti aliketi mbele ya kompyuta. Vuta pumzi. Zuia. Akageuka kumtazama ndugu yake.

"Umegeuka."

"Najua."

Wakarudia. Akageukia dirisha. Wakarudia, safari hii alijikaza shingo mpaka sauti ikatoka kama ya askari wa gwaride. Aliinuka, akazunguka meza, akaketi, akainuka tena. Alikuwa mtu anayejivunia mkono usiotetemeka, na hapa alikuwa anashindwa kutazama mbele wakati wa kutamka neno moja.

"Ketini wote," Mama alisema, ingawa ndugu yake alikuwa ameketi tangu mwanzo. Alijiinua, akasimama nyuma ya kiti, na kumshika binti yake kidevu kwa mkono wa kushoto, jinsi anavyomshika mtoto anayepimwa kola. "Tulia hivyo. Ukigeuka nakuchoma pini."

"Huna pini, Mama."

"Ninazo siku zote."

Vuta pumzi, alisema binti. Zuia. Kidevu kikataka kwenda, mkono ukakirudisha. Mbele yake hapakuwa na kitufe wala picha. Palikuwa na ukuta, na kalenda ya kiwanda cha nyuzi. Pumua, alisema. Neno lilitoka refu kuliko alivyokusudia.

"Hilo hapo," ndugu yake alinong'ona. Kwenye rekodi hiyo Mama anasikika akikohoa kidogo. Waliiacha.

Kuanzia hapo Mama alikuwa chini ya meza asubuhi na jioni, na mara nyingine katikati, wateja wakigonga mlango. Hakuipenda. Alilalamika kwamba sakafu ina ubaridi, kwamba kikapu kinanuka sabuni, kwamba duara la kijani linamkumbusha sare za shule alizozishona mpaka akazichukia. Lakini alikaa. Siku moja alikaa mpaka birika likachemka na kumwaga maji jikoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumatano jioni ndipo alipouliza, akikunja blanketi: "Kesho simu nitaishika mkono upi?"

Binti alikuwa amedhani hilo linajulikana, kwa kuwa yeye analijua. "Simu haiingii, Mama. Chuma hakiingii mle."

"Haiingii?"

"Mashine itaivuta. Inaweza kumuumiza mtu."

"Sasa siku zote hizi nimejifunza nini?"

"Umejifunza kupumua."

"Kupumua nilikuwa najua kabla hujazaliwa!" Alilitupa blanketi juu ya cherehani. "Nilikuwa nasikiliza sauti. Sauti ndiyo niliyoizoea. Mle ndani ile mashine inagonga kama mafundi wa mabati, nitasikia nini?"

Hilo lilikuwa kweli. Kuna spika za masikioni, lakini mashine ikianza kugonga maneno hayasikiki vizuri. Binti aliyajua hayo pia. Aliondoka, akatembea mpaka kituoni, akakipita, akatembea hadi kinachofuata.

*

Alhamisi Sumaku alimpitishia Mama kifaa cha kutafuta chuma, kikalia shingoni. Pini kwenye kola. Kikalia chini. Pini kwenye pindo.

"Hizo ni za akiba," Mama alisema.

"Mama yetu, ungeingia nazo zingeruka kama nyuki."

Akavalishwa gauni la hospitali. Pini zikawekwa kwenye kibakuli mezani. Na hapo binti akavua saa, akavua hereni, akatoa vibanio vya nywele na kitambulisho, akavipanga kando ya kibakuli.

"Wewe unakwenda wapi?" Sumaku aliuliza.

"Ndani. Kanuni inaruhusu ndugu mmoja."

"Kanuni naijua. Nauliza wewe. Si ulitaka kuangalia picha huku?"

"Picha utaangalia wewe. Nipime."

Alimpima. Hakikulia.

Mama alilazwa, akazibwa masikio, akapewa mpira kwenye mkono wa kushoto, kizimba kikashushwa. Binti alisimama upande wa miguu na kumshika kifundo cha mguu. Walikuwa wamekubaliana mlangoni, haraka haraka: nikibana, vuta. Nikiachia, toa. Hakuna kuzuia.

Meza ikaingia. Uso wa Mama ukapotea, kisha kifua, kisha mikono. Ikabaki miguu, na kwenye miguu mtu anaweza kusoma mengi akitaka: vidole vilijikunja, vikakunjuka, kisigino kikajikaza kwenye godoro. Binti alibana. Akaachia. Mashine ikaanza kugonga, kwanza polepole kama mtu anayeuliza kama kuna mtu, kisha mfululizo, mpaka meno yakamtetemeka. Alibana. Akaachia. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kwenda mahali. Nyuma yake kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo kulikuwa na picha inayojijenga mstari kwa mstari, na ndani ya mstari mmojawapo kulikuwa na jibu ambalo yeye, kwa mafunzo yake, angeweza kulisoma akilitupia jicho mara moja tu. Akabana.

Akageuka.

Kisigino kilimpiga tumboni. Si kwa nguvu, lakini kilipiga. Aligeuka upesi na kuachia, na chini ya vidole vyake akausikia mguu wote ukilegea.

Kugonga kulipokatika, sauti ya Sumaku ilikuja kwenye spika. "Mama yetu, uko sawa? Umetikisika kidogo, nitarudia kipande hicho. Na wewe daktari, pumua. Nakuona."

Hakumsahihisha. Safari hii aliweka macho kwenye kifundo cha mguu na kuyaacha hapo. Kilikuwa na kovu dogo la pasi ambalo hakuwahi kuliona. Alibana na kuachia mpaka hakukumbuka tena kwamba anahesabiwa muda na mashine, mpaka meza ikaanza kutoka yenyewe na Mama akatokea, mikono, kifua, kizimba, na nyuma ya kizimba macho mawili makavu yakimtazama.

"Kwisha?" Mama aliuliza kwa sauti kubwa, kwa kuwa masikio yalikuwa bado yamezibwa.

"Kwisha."

Sumaku alikuja, akainua kizimba, akanyoosha mkono kuuchukua mpira. Akasita. Ulikuwa kwenye mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimekunjwa juu yake kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama mtu anavyomfunga mtoto vifungo.

"Mama yetu, huu nilikupa kushoto."

"Nikauhamisha."

Binti aliutazama mkono ule. Ulikuwa hauna nguvu ya kubonyeza limau bovu. "Mama. Huo haubonyezi."

"Najua haubonyezi. Ungebaki kushoto ningeubonyeza."

"Na kama ungezidiwa? Na kama ungebanwa kifua? Ule mpira ndio usalama wako, haupo hapo kwa mapambo! Hairuhusiwi kabisa..."

"Si ulikuwa umenishika mguu?" Mama alisema. "Nilipokuhitaji nikakupiga teke. Mbona ulielewa?"

Binti alikuwa na jibu, lenye kanuni na sababu zake, na lilikuwa sahihi. Badala ya kulitoa, aliufungua mkono ule kidole kwa kidole na kuutoa mpira.

Sumaku alikuwa ameshatangulia kwenye chumba chake. Aligonga kioo na kumwita kwa kidole, aje kuona. Picha ilikuwa safi, hata kutoka upande wa pili wa kioo iling'aa kwenye giza la kompyuta, shingo yote imepangwa pingili kwa pingili. Binti alichungulia mara moja, akarudisha macho. Mama alikuwa anajaribu kuketi, mkono wa kulia ukiteleza kwenye shuka.

"Naja," alimwambia Sumaku kwa ishara, akamshika Mama begani, akamkalisha.

"Pini zangu," Mama alisema. "Zilikuwa saba. Mwambie asizitie mfukoni."